Nilidhaniwa nakunywa gongo ya vielelezo kituoni, kumbe ni sumu ya wadudu iliyokuwa inaniingia mwilini

Wakuu, habari za muda huu.

Humu mimi ni msomaji wa miaka, kuchangia ni kwa kubahatisha. Leo nimeona niandike la kwangu. Nimebadilisha majina na nimeficha kituo, maana bado navaa magwanda na bado naipenda kazi. Mengine yote ni kama yalivyonikuta, sijaongeza chumvi.

Mimi ni polisi, cheo koplo. Mzaliwa wa Ujiji, na mama yangu mzazi bado yuko palepale Ujiji. Tumelelewa kwenye dini, pombe sijawahi kuonja hata ya kusukutua jino. Hilo naomba mlishike, maana ndilo lililonitesa.

Kituo chetu kiko mwambao wa ziwa, si mbali na mjini. Kituo kidogo, kazi nyingi ni za ziwani: mitumbwi kuibwa, injini kuibwa, makokoro, yaani nyavu haramu za kuvulia, na magendo yanayovuka kutoka upande wa pili.

Mkuu wa kituo alinikabidhi stoo ya vielelezo. Kwa wasiojua, kielelezo ni kile kitu kinachokamatwa na kupelekwa mahakamani kama ushahidi. Kikishaingia stoo, hakiguswi mpaka hakimu aseme. Ukikipoteza au ukikichezea, kesi imekufa na wewe umekwisha. Kila polisi anayesoma hapa anaujua huo woga.

Stoo yangu sasa. Chumba kimoja, dirisha moja linaloangalia ziwa, nalo lilikuwa limepigwa bati kwa sababu kuna wajanja waliwahi kutaka kupita hapo kufuata injini yao. Ndani kulikuwa na baiskeli, masanduku ya simu, magunia ya bangi, madumu ya gongo yaliyopangwa ukutani, na lundo la makokoro limefika kiunoni.

Kiti hakikuwepo. Nikawa nakaa juu ya makokoro. Wakuu, yale manyavu yalikuwa laini kuliko sofa la nyumbani kwangu. Nikiandika lebo, nakaa pale. Nikisubiri karani wa mahakama, nakaa pale. Nikichoka, nalala pale kidogo.

Nyuma ya lile lundo kulikuwa na madumu mengine, ya dawa ya kuulia wadudu wa mashambani. Yalikamatwa kwenye boti, hayana lebo wala jina, ni magendo. Mshtakiwa akapewa dhamana, akavuka ziwa, akatokomea. Kesi ikawa ya kuahirishwa tu. Madumu yakabaki, makokoro yakarundikwa mbele yake, na mimi nikasahau kabisa kama yapo.

Harufu? Najua kuna mtu atauliza. Chumba kina gongo, petroli ya injini, bangi na nyavu zilizokaukia na uvundo wa dagaa. Hapo harufu ya dawa utaichambuaje? Ukikaa siku mbili tatu, pua inazoea kila kitu.

Tena nilikuwa najisifu. Kituo kizima kina mende, hadi kwenye birika la chai. Stoo yangu haikuwa na mende hata mmoja. Nzi hakuna, panya hakuna. Nikawa nawaambia wenzangu, "Njooni mjifunze usafi."

Sasa mwili ukaanza.

Kwanza kichwa. Kinauma kuanzia asubuhi nikishakaa kazini, jioni kinapungua. Nikapima malaria, hakuna. Nikaambiwa typhoid, nikameza dawa, wapi.

Yakafuata macho. Yanatoka machozi, mekundu, na mchana wa jua kali naona kama jioni. Jasho linanitoka nimekaa tu. Mate yanajaa mdomoni kama mjamzito. Tumbo linaharisha bila mpangilio.

Mwisho mikono ikaanza kutetemeka. Nikishika kalamu, mwandiko unatambaa. Nikipiga saluti, vidole vinacheza. Hata kope la jicho lilikuwa linarukaruka lenyewe.

Hebu wakuu niambieni. Mtu macho mekundu, jasho, mikono inatetemeka, anatema mate, anayumba kidogo akisimama ghafla. Na funguo za chumba chenye madumu ya gongo anazo yeye. Ungefikiria nini?

Wenzangu walifikiria hivyohivyo.

Hakuna aliyeniambia usoni mwanzoni. Nilianza kuona tu kwamba kila anayeingia stoo anatazama madumu ya gongo kwanza, ndipo ananitazama mimi. Siku moja mkuu wa kituo akanisogelea nikadhani ananinong'oneza jambo la siri. Alikuwa ananinusa.

Kijana wetu mmoja, konstebo Bukuru, Muha wa Kalinzi na mtu wa utani sana, ndiye aliyepasua jipu. Tulikuwa tunakunywa chai. Akasema, "Koplo, wenzako wanasema unaonja ushahidi kabla hakimu hajauona."

Wote wakacheka. Mimi nilicheka pia, ila moyoni iliniuma vibaya mno.

Nikamfuata mkuu mwenyewe. Nikamwambia, "Afande, nasikia yanayosemwa. Nipimwe." Wakaleta kile kifaa cha askari wa barabarani cha kupuliza. Nikapuliza, kikasoma hamna kitu. Nikapuliza tena, hamna kitu. Unajua walisemaje? Kifaa kibovu. Mwingine akasema basi siyo gongo, itakuwa bangi, si nayo imo mlemle.

Mkuu akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi, "Koplo, nenda likizo. Ukirudi hivi ulivyo, nitakufungulia mashtaka ya kijeshi, sitakuwa na njia nyingine." Mashtaka ya ulevi kazini, wakuu. Ulevi na kuharibu vielelezo. Hapo unavuliwa gwanda.

Nikaenda likizo kwa wakwe zangu, kule juu Kalinzi. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, nikasaidia. Baridi ya kule, ndizi, maharage, hewa safi. Kichwa kikaacha kuuma. Macho yakakauka. Baada ya muda nikashika kikombe cha uji kwa mkono mmoja, kikatulia. Mke wangu alinitazama nikinywa, akageuka pembeni akafuta machozi.

Mngedhani hapo ndipo ukweli ulipotoka. Hapana. Kupona kwangu ndiko kulikonimaliza.

Maana habari zilishuka mjini: koplo ametulia kabisa huko mlimani, mbali na madumu. Kila mtu akasema si mnaona? Ameikosa gongo, amepona. Hata mimi ningekuwa hakimu, ningejifunga.

Na habari zikafika Ujiji, kwa mama.

Niliposhuka kutoka likizo nilipita kumsalimia. "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," basi. Mama yangu ni mtu wa maneno, akikuitikia kwa neno moja ujue kuna jambo. Akaniandalia chai, akakaa mbali na mimi kidogo, ndipo akaniuliza, "Sudi, mwanangu, nikuulize mara moja tu. Unakunywa?"

"Sinywi, mama. Wallahi sinywi."

Akasema, "Haya." Jirani yake mmoja alikuwa barazani anasuka ukili, akainamisha kichwa kama hakusikia.

Nimeshawahi kutishiwa panga ziwani, sikuogopa kama nilivyoogopa ile "haya" ya mama yangu.

Nikarudi kazini. Nikajiambia safari hii nitakuwa mwangalifu, nakunywa maji mengi, nalala mapema. Wiki haikuisha, kichwa kile, machozi yale, mikono ile. Sasa na mimi nikaanza kujitilia shaka. Nikawaza labda nimerogwa. Kwetu Ujiji hilo wazo halikawii kuja, na wa kukuelekeza kwa mganga ni wengi kuliko wa kukuelekeza hospitali.

Aliyeniokoa ni mke wangu, tena kwa hasira.

Yeye ndiye anafua magwanda yangu, kwa mkono, kwenye beseni. Nilipokuwa likizo hakufua gwanda lolote, nilivaa nguo za kawaida tu. Niliporudi kazini akaanza tena kufua. Siku hiyo nikamkuta ameketi chini ukumbini, machozi yanamtoka, mate yanamtoka, ametapika. Nikamwambia twende, nadhani una malaria.

Akaniangalia. "Baba Zuhura, mimi nakunywa gongo?"

"Hapana."

"Basi mbona ninao ugonjwa wako? Na mbona unanishika siku ya kufua tu?"

Yeye akaichukua ile suruali yangu kutoka kwenye beseni, akaikamua, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akasema, "Twende nayo hospitali. Leo daktari aipime suruali."

Wakuu, niliona aibu kupita mtaani na suruali mbichi. Lakini nilienda.

Daktari alikuwa kijana mtulivu. Badala ya kuniandikia dawa, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa mahali popote: "Unafanya kazi gani, na unakaa wapi ukiwa kazini?" Nikamweleza. Akawasha tochi, akanimulika machoni, kisha mke wangu. Akafungua ule mfuko, akanusa kwa mbali, akaufunga haraka na kwenda kunawa mikono.

"Mnalima kahawa? Mnapulizia dawa shambani?"

"Mimi ni polisi, daktari. Dawa yangu ni filimbi."

Hakucheka. Akasema, "Mboni za macho yako zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mlevi hawi hivi. Macho ya namna hii nayaona kwa wakulima waliopulizia dawa ya wadudu bila kujikinga. Hii inaingia kwa pumzi, na inaingia kwa ngozi vilevile. Wewe hujalewa, umelishwa sumu kidogokidogo na hiyo nguo."

Umelishwa sumu. Najua ni maneno mabaya, ila mimi nilitamani kumkumbatia yule daktari. Nilikuwa mgonjwa wa kwanza hospitali ile kufurahi kuambiwa ana sumu mwilini.

Tulilazwa wote wawili kwa muda mfupi, tukapewa dawa, tukaogeshwa kwa sabuni na maji mengi, nguo zetu zikafungwa peke yake. Mke wangu akapata nafuu haraka. Mimi nikaambiwa itachukua muda, lakini nikikaa mbali na hiyo sumu mwili utarudi. Nikayakumbuka yale madumu ya magendo nyuma ya makokoro, nikamtajia daktari; akaniambia nisikanyage stoo mpaka ikaguliwe.

Sasa kumweleza mkuu wa kituo. Hapo ndipo palikuwa na mlima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Koplo, mimi sikatai. Lakini nikitoa kielelezo stoo kwa maneno ya suruali, mshtakiwa akirudi kesho wakili wake atanila mzima. Yale madumu yamefungwa kwa lakiri. Hayaguswi."

Nikamwambia, "Afande, sijasema yaguswe. Nasema yatazamwe."

"Watu wangapi wanaingia stoo na hawaumwi?"

Na alikuwa na hoja. Wenzangu walikuwa wanaingia na kutoka. Wengine walilalamika kichwa, ila nani hana kichwa kinachouma. Anayekaa mle alikuwa mimi peke yangu.

Nadhani alitaka kumaliza maneno. Kesho yake asubuhi, mimi nikiwa nje chini ya ukuta, akaita askari wote, akasema, "Nitafanya kazi zangu mle ndani leo. Nikitoka mzima, mambo ya sumu yaishe, na koplo atajibu mashtaka." Nikamsihi avae glavu. Akakataa. Akaingia na mafaili yake, akakaa pale ninapokaa mimi, juu ya makokoro.

Joto siku hiyo lilikuwa la kuchemsha bati. Sisi nje tunangoja. Mimi nina hofu mbili zinapigana: naogopa atoke mzima, na naogopa atoke mgonjwa. Ni mkubwa wangu, na ni mtu mwema, siwezi kumwombea mabaya.

Kabla ya chakula cha mchana mlango ukafunguliwa.

Alitoka anapangusa macho. Akatema mate pembeni, akatema tena. Akataka kutuambia kitu, akashika fremu ya mlango kwanza. Nyuma ya suruali yake kulikuwa na doa la mafuta limeenea.

Kila mtu anamtazama mkuu.

Bukuru akasimama wima, akapiga saluti, akauliza kwa adabu zote, "Afande, na wewe umeonja?"

Wakuu, mkuu wa kituo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akanitazama mimi, akasema, "Koplo, nisamehe." Mbele ya wote. Halafu akaanguka kwenye benchi na tukamkimbiza kwa daktari wetu yuleyule.

Alipona siku ileile, alhamdulillah. Na kwa kuwa sasa kichwa kilichouma kilikuwa cha mkubwa, mambo yakaenda mbio. Siwalaumu, ndivyo dunia ilivyo, nawaeleza tu.

Ombi likapelekwa mahakamani. Hakimu, mama mmoja asiye na mchezo, akaja mwenyewe na karani wake. Wataalamu wa kilimo wakaja na glavu, buti na barakoa. Makokoro yakavutwa kwa ndoano ndefu. Chini yake sakafu ilikuwa imelowa, inang'aa. Dumu moja lilikuwa limekalia msumari wa ubao, likatoboka kitako. Lakiri ya juu ilikuwa nzima kabisa, hakuna aliyeigusa, na dawa yote ilikuwa imeshukia kwenye nyavu nilizokuwa nakalia.

Na pembeni ya ukuta, mende wamekufa wamelala chali, wengi. Ndio usafi niliokuwa najisifia.

Hakimu alisogea mlangoni, akarudi nyuma na leso puani. Akasema, "Mnaishi humu?" Bukuru, "ndiyo" ya Kiha ikimponyoka, akajibu, "Ego, mheshimiwa, tena koplo alikuwa akilala." Hakimu akaamuru palepale: zipigwe picha, ichukuliwe sampuli kwa ajili ya kesi, mzigo wenyewe uondolewe na wanaojua kuuteketeza. Kumbe njia hiyo ya kisheria ilikuwepo siku zote. Sisi tulikuwa tunaogopa kuuliza.

Kesi haikufa. Sampuli ipo, picha zipo.

Sasa hivi dirisha limetolewa bati na kuwekwa nondo na wavu, upepo wa ziwa unapita. Sumu na petroli zikikamatwa zinawekwa kibanda cha nje, mahakama inaarifiwa mapema. Kuna kiti! Askari wote tulipimwa, na wawili waliokuwa wanakula dawa za presha wakagundulika hawana presha yoyote. Kope langu limeacha kuruka. Mikono imetulia, isipokuwa nikichoka sana ndio vidole vinakumbuka kidogo. Daktari anasema hata hilo litaisha.

Mafunzo niliyopata ni haya, nayaandika kama yanavyonijia. Ukiumwa kazini na ukapona likizo, usiishie kujilaumu, chunguza mahali unapofanyia kazi. Ukienda hospitali, taja kazi yako hata kama hujaulizwa. Nguo ya kazi yenye dawa usiilete ndani ukaichanganya na za watoto. Chumba ambacho hata mende hawezi kuishi, wewe unaishije? Na mkiona mwenzenu anatetemeka, mpelekeni kwa daktari kwanza, utani baadaye.

Nimebakiza moja, la mama.

Mimi sikumwomba mkuu wa kituo. Ijumaa moja baada ya swala aliniambia, "Nipeleke Ujiji." Tukaenda, yeye amevaa gwanda kamili. Mnajua mtaa wa kwetu ukiona polisi wa cheo anabisha hodi, watu wanachungulia kila dirisha.

Mama akatoka, akaona gwanda, akashika mwimo wa mlango. Mkuu akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kuna nini tena?"

"Mama, mimi ndiye bosi wa Sudi. Nimekuja kukwambia mwanao hakuwahi kunywa. Aliumwa kwa sumu iliyokuwa kazini kwetu, na sisi tukamsingizia. Nimekuja kukuomba radhi."

Alisema kwa sauti ya chini, ya heshima. Mama akasema:

"Mimi aliniapia, nikamwamini siku ileile. Nilikuwa nangoja hawa wengine waamini. Baba, rudi hapo barabarani, useme tena. Ila sasa sema kwa sauti."

Na mkuu wa kituo, wakuu, akarudi barabarani, akasema tena kwa sauti ya gwaride.

Hayo ndiyo yangu. Wenye kazi za stoo, maghala, mashamba, na wenzangu wa magwanda, kama kuna aliyepitia kitu cha namna hii naomba aandike hapa chini. Madaktari mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na kama kuna mwenzako kazini ambaye mmeshampa jina la mlevi, nenda kamuulize anakaa wapi akiwa kazini, halafu urudi utuambie amejibu nini.